Kosa la rubani, kosa la mtumiaji: watu walivyojifunza kutengeneza tovuti kwa kuzikagua

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu, ila mwenye kujua maisha ya katikati ya semista atanielewa: test mbili, asaimenti ya kikundi, na boom lenyewe limechelewa. Leo nimepata upenyo, na ninachotaka kuandika kinatokana na hiyo asaimenti. Somo letu la kutengeneza tovuti halijaanza na kutengeneza. Mwalimu ametuambia tuchague tovuti tatu, tukae nazo, tuzikague kama zinatumika kirahisi au zinasumbua watu, kisha tuandike ripoti. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akalalamika kwamba amekuja kujifunza kujenga, hakuja kuwa mkaguzi. Darasa likacheka. Lakini swali lake ni la kweli jamani: hivi kweli mtu anajifunza kujenga kwa kukagua vya wenzake?

Nina sababu nyingine ya kulichukua kwa uzito. Mnakumbuka wenzetu wawili waliokosa kozi ya hiari mwaka jana kwa sababu walijaza fomu ya mtandaoni, wakabonyeza kitufe, ukurasa ukarudi mweupe, wakadhani imepita? Haikupita. Walipokwenda ofisini walijibiwa maneno matatu tu: "Hamjui kutumia mfumo." Sitataja chuo, sitataja ofisi. Ila jibu hilo lina historia ndefu kuliko intaneti yenyewe, na historia hiyo inaanzia kwenye ndege za kivita.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo la ajabu. Marubani wa ndege kubwa za B-17 walikuwa wanatua salama kabisa, ndege iko chini tayari, halafu rubani anakunja magurudumu. Ndege inakaa kwa tumbo. Marubani hawa hawakuwa wageni, ni watu waliokuwa wamerudi kutoka vitani. Maelezo ya kawaida yalikuwa mawili tu: kosa la rubani, uchovu wa rubani. Akaitwa mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aangalie. Hakuanza kwa kuwahoji marubani kuhusu akili zao, alikwenda kuangalia chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya flapi (vile vibao vya nyuma ya bawa) ziko jirani na zinafanana kabisa. Baada ya kutua, rubani alitakiwa kukunja flapi, lakini mkono wake gizani, macho yakiwa mbele, ulikuwa unagusa swichi ya jirani. Chapanis akagundua pia kwamba kwenye ndege aina nyingine ambazo swichi hizo hazikufanana, mkasa huu haukuwepo. Dawa yake ilikuwa ya bei ya bure: akaweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye swichi ya flapi. Mkono ukajua unachoshika. Hadi leo ukipanda ndege, mpini wa magurudumu kule mbele una umbo la gurudumu.

Mwaka 1947 watafiti wawili wa jeshi hilo hilo, Paul Fitts na Richard Jones, walitoa ripoti iliyochambua visa 460 vilivyokuwa vimeandikwa kuwa ni "kosa la rubani". Karibu nusu ya visa vyote vilikuwa vya aina moja: mtu amegusa kitu kimoja akidhani ni kingine. Sasa kaa ufikirie. Watu 460 hawawezi kuwa wazembe kwa mtindo mmoja. Wakizembea kwa mtindo mmoja, ujue kuna mtu aliyewachorea njia ya kukosea.

Hapo ndipo mimi naona mbegu ya somo letu iko, na si kwenye kompyuta. Ukaguzi wa aina hii haukuanza kama ukosoaji wa sura ya kitu. Ulianza kama uchunguzi wa ajali.

Baada ya vita wanasaikolojia wa namna hii wakaingia viwandani. Kampuni ya simu ya Marekani, kupitia maabara zake za Bell, iliajiri mwanasaikolojia John Karlin, na ni katika maabara hizo walipojaribu mipangilio kadhaa ya vitufe vya simu na watu halisi kabla ya kuitoa simu ya vitufe sokoni mwaka 1963. Angalia simu yako sasa hivi: 1, 2, 3 ziko juu. Chukua kikokotoo: 7, 8, 9 ndizo ziko juu. Mpangilio unaoutumia kupiga *150 na ndugu zake ulichaguliwa baada ya kupimwa kwa watu. Sipendi kuchelewa hapa, nataka kufika kwenye tovuti, ila kumbuka tu kwamba kabla mtandao haujazaliwa tayari kulikuwa na miaka mingi ya watu wanaokaa nyuma ya mtumiaji na daftari, wanaangalia kidole kinaenda wapi.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake pale CERN, Uswisi, Machi 1989, na tovuti ya kwanza ikawa hewani mwaka 1991. Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, haina malipo. Mwaka huohuo vijana wa chuo kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina, wakatoa kivinjari cha Mosaic ambacho kilionyesha picha ndani ya maandishi. (Naam, wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, si kampuni kubwa. Hilo najua mtalipenda.) Kuanzia hapo kila mtu akawa anajenga tovuti, na karibu hakuna aliyefundishwa.

Walijifunzaje? Kwa kuchungulia. Vivinjari vya mwanzo vilikuwa na amri ya kutazama chanzo cha ukurasa wowote: ukiona kitu kimekupendeza, unafungua, unaona HTML yake, unanakili, unabadilisha jina unaweka lako. Ni kama fundi cherehani anayefumua gauni la mteja aone lilivyokatwa. Njia nzuri sana, hata sisi hapa bwenini tunaifanya. Lakini ina kasoro moja kubwa: chanzo kinakuonyesha kitu kimefanywaje, hakikuambii kama kinamfaa mtu. Ukinakili gauni lenye mkono mmoja mrefu, unapata gauni la pili lenye mkono mmoja mrefu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka ya katikati ya tisini tovuti zilikuwa kama sikukuu ya kijiji. GeoCities ilianza 1994 ikawapa watu nafasi ya bure, na watu wakaijaza: mandharinyuma ya nyota, muziki unaoanza wenyewe, kibao cha "ukurasa unajengwa" kilichokaa miaka mitano. Netscape ilileta maandishi yanayowaka na kuzima, Internet Explorer ikajibu kwa maandishi yanayotembea. Hayo yanayowaka yalidumu mpaka Firefox ilipoyaondoa mwaka 2013. Kaka zetu waliokuwa wanalipa kwa dakika kwenye intaneti kafe wanayakumbuka, na wengine mpaka leo wanayapenda, sitawasema.

Mwaka 1996 ndipo mambo mawili yalitokea ambayo kwangu ndiyo moyo wa makala hii, kwa sababu ni njia mbili tofauti za kujifunza kwa kukagua.

Ya kwanza ni ya Vincent Flanders, Mmarekani aliyefungua tovuti iliyoitwa Web Pages That Suck, yaani kurasa za hovyo. Wazo lake lilikuwa jepesi: jifunze ubunifu mzuri kwa kutazama ubunifu mbaya. Kila mara alikuwa anachukua tovuti ya mtu, anaiweka mezani, anaichana. Mwaka 1998 yeye na Michael Willis wakatoa kitabu chenye jina hilo hilo. Flanders ndiye aliyebuni usemi wa "nyama ya fumbo" kwa zile tovuti ambazo menyu yake ni vipicha visivyo na jina, mpaka upitishe kipanya juu yake ndipo ujue kinakwenda wapi. Usemi huo hauhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kula supu ya stendi saa tisa usiku.

Ya pili ni ya Jakob Nielsen, Mdenishi aliyekuwa Sun Microsystems wakati huo. Yeye alianza kuandika safu mtandaoni mwaka 1995, na Mei 1996 akatoa orodha ya makosa makubwa kumi ya tovuti: fremu, maandishi yanayotembea, kurasa yatima zisizosema ni za nani, viungo vyenye rangi zisizoeleweka, habari zilizooza, kurasa zinazochelewa kufunguka. Nielsen hakuwa mcheshi kama Flanders. Tovuti yake mwenyewe kwa miaka mingi ilikuwa karibu haina picha kabisa, na wabunifu wa picha walimchukia kama watu wanavyomchukia mwangalizi wa chumba cha mtihani. Lakini alikuwa na kitu ambacho Flanders hakuwa nacho, yaani vipimo.

Na vipimo hivyo vilitokana na wanafunzi! Hiki ndicho nilichokipata maktaba kikanifurahisha. Kabla ya mtandao kuenea, Nielsen na mwenzake Rolf Molich, Mdenishi pia, walikuwa wanatafuta njia ya bei nafuu ya kupima mifumo, kwa sababu maabara zenye kamera na vioo vya upande mmoja zilikuwa za matajiri. Wakaandika kanuni tisa fupi. Mwambie mtumiaji kinachoendelea. Zungumza lugha yake. Usimlazimishe kukumbuka. Mpe mlango wa kutokea. Ujumbe wa kosa uwe na msaada. Kisha wakazijaribu. Katika jaribio moja walichukua wanafunzi 37 wa sayansi ya kompyuta waliokuwa wamesikia lekcha moja tu kuhusu kanuni hizo, wakawapa picha za skrini za huduma ya habari ya Denmark iliyoitwa Teledata. Mfumo huo ulikuwa na kasoro 52 zilizojulikana. Kwa wastani mwanafunzi mmoja aliziona asilimia 51. Katika majaribio mengine, wastani ulishuka. Kwenye mfumo wa simu uliokuwa unawasomea watu habari za mabasi, mkaguzi mmoja aliona asilimia 20 tu, pengine kwa kuwa kitu cha kusikia ni kigumu kukishika kuliko cha kuona.

Matokeo waliyatoa mwaka 1990. Ukiyasoma haraka utasema wanafunzi wamefeli. Ukiyasoma vizuri utaona jambo lingine: kasoro alizoziona huyu sizo alizoziona yule. Ukiwaweka watatu, wanne, watano pamoja, kila mmoja akague peke yake kwanza halafu waunganishe orodha, picha inajaa. Ndiyo maana mwalimu ametaka kila mmoja wetu aandike orodha yake kabla ya kikundi kukutana, na sisi tukadhani ni ukali tu. Mwaka 1994 Nielsen alizipanga upya kanuni hizo baada ya kuchambua kasoro 249 kutoka miradi mbalimbali, zikawa kumi. Ndizo hizo hizo zilizopo kwenye noti zetu, ukurasa wa pili.

Sasa maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga. Njia ya Flanders inachekesha na inafundisha haraka, lakini inakufundisha kejeli. Unatoka ukijua nini kinachekwa mwaka huu. Njia ya Molich na Nielsen inachosha, lakini inakulazimisha useme KWA NINI: kanuni ipi imevunjwa, mtu gani ataumia, ataumia vipi. Mwanafunzi anayesema "tovuti hii mbaya, rangi zake za kishamba" bado hajaanza. Anayesema "baada ya kubonyeza hakuna kitu kinachoniambia ombi limefika" ameshajua cha kujenga kesho asubuhi.

Ubaya wa kutojua haukuwa wa kinadharia. Novemba 1999 ilifunguliwa tovuti ya kuuza nguo iliyoitwa boo.com, makao yake London, waanzilishi wakiwa Waswidi. Walitaka kufungua nchi 18 kwa mara moja. Walikuwa na picha za nguo unazoweza kuzizungusha, madirisha yanayojifungua yenyewe, na msichana wa katuni anayekuongoza dukani. Tatizo: watu wengi wakati huo walikuwa wanatumia modemu ya simu. Piga hesabu mwenyewe. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa na bahati zote, inashusha ukurasa wa kilobaiti 200 kwa zaidi ya sekunde 28. Nielsen alikuwa ameshaandika tangu 1993 kwamba baada ya sekunde kama 10 mawazo ya mtu yameshahama. Wenye kompyuta za Mac hata kuingia ilikuwa shida. Mei 2000 kampuni ikafa, ikiwa imekula karibu dola milioni 135. Si muundo wa tovuti peke yake ulioiua, matumizi yao ya fedha yalikuwa ya kifalme, lakini duka ambalo mteja hafiki kwenye kaunta halihitaji adui mwingine.

Mwaka huohuo wa 2000 kuna kesi ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, anatumia kompyuta kwa kifaa kinachogeuza maandishi kuwa nukta za Breli. Alitaka kusoma tovuti rasmi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kama mwananchi mwingine yeyote. Picha zilizokuwa viungo hazikuwa na maandishi mbadala, majedwali ya matokeo hayakusomeka. Akalalamika mwaka 1999 kwa tume ya haki za binadamu ya nchi yake. Kamati ya michezo ikajitetea kwamba kurekebisha ni ghali mno na kutachukua muda mrefu mno. Agosti 2000 tume ikaamua kwamba amebaguliwa na ikaagiza tovuti irekebishwe. Haikurekebishwa ipasavyo, michezo ikapita, na Novemba kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia.

Miongozo ya kuwawezesha watu wote kutumia tovuti ilikuwa imetoka Mei 1999, kwa hiyo kanuni zilikuwepo. Maandishi mbadala ya picha ni sentensi moja. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ukaguzi ni jambo dogo, mwulize Maguire. Kwenye kozi yetu kuna ndugu yetu anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, na kati ya tovuti tatu alizojaribu kwa ajili yetu, mbili zilimsomea "picha, picha, kitufe, kitufe" mpaka akaivua earphone akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Baada ya hapo ukaguzi ukawa biashara, na biashara ikapata ubishi wake. Mwaka 2000 Nielsen alitangaza kwamba watumiaji watano wanatosha: kwa hesabu aliyoifanya na Thomas Landauer mwaka 1993, mtu mmoja anafichua takriban asilimia 31 ya kasoro, na watano wanafika asilimia 85. Vyuo vyote duniani vikaishika "watano" kama amri. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder wakaja na jibu: waliwajaribu watu 49 kwenye tovuti za kuuza muziki na filamu, na watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu. Nani mkweli? Wote, kwa mtazamo wangu. Fomu yenye hatua tatu si sawa na duka lenye bidhaa maelfu. Watano wanatosha kukuonyesha tundu la paa, hawatoshi kukuhakikishia kwamba hakuna tundu lingine.

Lakini kipigo kikubwa kilitoka kwa Molich mwenyewe, yule yule wa kanuni tisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini alizipa timu tisa tovuti moja, Hotmail, kila timu iipime kwa njia yake bila kuonana na nyingine. Zikarudi na kasoro 310. Kati ya hizo, 232 zilitajwa na timu moja tu. Asilimia 75! Mwaka 2003 akarudia kwa timu 17 na tovuti ya hoteli moja ya New York, na hali ikafanana: kasoro nyingi kila timu iliziona peke yake. Hebu fikiri madaktari tisa wanampima mgonjwa mmoja na kila mmoja anatoka na ugonjwa wake. Wengine walisema basi taaluma hii ni upigaji ramli. Mimi sioni hivyo. Hotmail ilikuwa kubwa na kasoro zake nyingi, kila timu ilichota ndoo yake kisimani. Ila ninampenda Molich kwa hili: alipata umaarufu kwa mbinu fulani, halafu akatumia miaka yake kuipima mbinu hiyo hadharani. Na Nielsen naye, aliyesema 1996 kwamba watu hawashuki chini ya ukurasa, alikiri mwaka uliofuata kwamba wameshajifunza kushuka.

Katikati ya ubishi huo, Oktoba 2000, Steve Krug alitoa kitabu chembamba, Don't Make Me Think, ambacho ndicho ningemshauri mtu asome kama ana nauli ya kitabu kimoja tu. Krug hakubishana kuhusu idadi. Alisema mkalishe mtu mmoja, mpe kazi ya kufanya, nyamaza, tazama. Ukimpima mmoja ni bora kwa asilimia mia kuliko kutompima yeyote.

Na huku kwetu? Tusijidanganye kwamba historia hii ni ya wengine. Mpaka mkebo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, na Dar es Salaam na Mombasa zikiwa kati ya vituo vyake, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kuchechemea. Yaliyowapata wateja wa boo.com mwaka 1999, sisi tuliishi nayo miaka kumi zaidi. Leo mkebo upo lakini bando linahesabiwa kwa megabaiti, na mtengenezaji aliyekaa kwenye ofisi yenye waya haoni hesabu hiyo. Ukurasa wa megabaiti tano kwake ni kupepesa jicho, kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni pesa ya chapati.

Kuna na ile kanuni ya lugha. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wapo waliocheka maneno yake wakati ule, wakasema bora Kiingereza walichokizoea. Lakini kanuni ya "zungumza lugha ya mtumiaji" haisemi tafsiri kila kitu, inasema tumia neno ambalo mtu huyo analo kichwani. Fomu ya kwetu inayosema "batili: sehemu ya 7" ni Kiswahili safi kabisa na haisaidii mtu yeyote duniani. Ingesema "namba ya mtihani wa kidato cha nne ikae hivi", kazi imeisha.

Basi, kikundi chetu tulifanyaje? Tuliacha ubishi tukafuata Chapanis na Krug. Tukawaomba wenzetu watano wa vitivo vingine, hakuna hata mmoja wa kompyuta, kila mmoja kwa simu yake mwenyewe, wajaribu kufanya kazi moja kwenye fomu inayofanana na ile iliyowaponza wenzetu: jaza, tuma, kisha tuambie kama una uhakika imefika. Sharti kwetu lilikuwa moja, mdomo ufungwe. Huo ndio mtihani mgumu kuliko yote niliyofanya chuoni. Unamwona dada wa watu anabonyeza kitufe cha "futa" akidhani ni "tuma", kwa kuwa viko jirani, saizi moja, rangi moja, na wewe huruhusiwi kusema neno. Wawili kati ya watano walikigusa hicho cha kufuta. Watatu walimaliza lakini hakuna aliyekuwa na uhakika. Mmoja alijaza mara ya pili "kwa usalama".

Vitufe viwili, jirani, vinafanana. Nilipoona hivyo mgongo ulinisisimka, nikakumbuka ile B-17.

Tumeandika ripoti kurasa kumi na moja. Pamoja nayo tumechora fomu mbadala kwenye karatasi: kitufe cha kufuta kimehamishwa juu kushoto na kimepunguzwa, cha kutuma kimebaki peke yake chini, na baada ya kutuma inatokea namba ya risiti unayoweza kuipiga picha. Yule jamaa wa viti vya nyuma ndiye aliyeichora, na ndiye anayesisitiza tuipeleke nakala ofisini pamoja na majina ya kozi walizokosa wenzetu. Kikundi kimegawanyika: wawili wanaona tungoje alama zitoke kwanza, tusije tukaonekana wachokozi. Mimi niko upande wa kuipeleka Jumatatu. Mwenye uzoefu wa kupeleka kitu cha namna hii kwa wakubwa aniandikie hapo chini, hasa kuhusu nani wa kumkabidhi mkononi. Sasa niwahi foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha.